"Mwamko mdogo": ni nani aliyelala? Uhakiki wa mzazi wa Pwani katika tasnifu za elimu

Utangulizi

Sisi wanafunzi wa fasihi tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na ushairi. Mwalimu akituambia tulete matini darasani, hakuna anayefikiria kuleta tasnifu ya uzamili ya elimu au sosholojia. Hizo tunaziacha kwenye rafu zake maktabani, zimejalidiwa vizuri kwa maandishi ya dhahabu, kana kwamba ndani yake mna ukweli mtupu na wala hamna lugha. Makala hii inakwenda kinyume na mazoea hayo. Tunakusudia kuisoma tasnifu kama tunavyosoma hadithi nyingine yoyote: tuulize nani anasimulia, wahusika ni akina nani, wamechorwa vipi, na maneno yaliyochaguliwa yanaficha nini.

Eneo letu ni Bagamoyo na vijiji vya pwani ya kaskazini ya Dar es Salaam, kuanzia Bunju na Mapinga mpaka Kaole na Mlingotini. Tumelichagua kwa sababu mbili. Kwanza, liko karibu na Chuo Kikuu. Mtafiti anaweza kupanda daladala asubuhi na jioni akawa amesharudi Mlimani. Pili, ni kwetu.

Hoja yetu ni moja. Ile sentensi maarufu kwamba wazazi wa Pwani wana "mwamko mdogo wa elimu" haistahili kuitwa matokeo ya utafiti. Ni sitiari, na mara nyingi inakuwa imeshafika kijijini kabla ya mtafiti mwenyewe kushuka kwenye gari.

Dodoso kwenye jamvi

Hebu nianze na kisa changu, maana bila hicho nitaonekana ninawasema wenzangu tu. Likizo ndefu iliyopita nilipata kibarua cha msaidizi wa utafiti. Mwenye utafiti alikuwa mwanafunzi wa uzamili; jina lake na chuo chake hayana haja hapa, kwani kosa ninalotaka kulieleza ni langu pia. Mada yake ilihusu utoro shuleni. Alinichukua kwa kuwa mimi ni mtoto wa huko, naijua njia na watu wananijua. Vibali vyote alikuwa navyo: barua ya chuo, ya mkoa, ya mkurugenzi wa halmashauri, na muhuri wa mtendaji wa kijiji. Dodoso lenyewe liliandikwa kwa Kiingereza. Kazi yangu ilikuwa kuuliza kwa Kiswahili na kujaza majibu kwa Kiingereza papo hapo.

Kulikuwa na swali lililouliza mzazi au mlezi anaithamini elimu ya mtoto kwa kiasi gani. Visanduku vilikuwa vinne: sana, kiasi, kidogo, hapana.

Siku ya pili tulimkuta bibi mmoja mkulima wa mwani, ameketi barazani anafunga mbegu kwenye kamba. Nikamwamkia, nikakaribishwa jamvini. Nilipofika kwenye swali lile alinitazama, akasema, "Elimu ipi, mjukuu wangu, ya chuoni au ya shule?" Kwetu chuoni ni kule watoto wanakosoma Kurani. Nikamjibu ya shule. Basi akaanza kueleza.

Mwanawe alimaliza kidato cha nne kwenye shule ya kata. Katika miaka minne alimwona mwalimu wa hisabati muhula mmoja tu. Akapata sifuri, na leo anakaanga dagaa. Mjukuu anayemlea sasa huwa anakosa shule siku za bamvua, bahari inapokupwa mbali na kazi ya mwani ikawa ya kufa na kupona. Siku za maji mafu anakwenda kama kawaida. Nikamuuliza, na chuoni je? Akasema chuoni hakosi, maana mwalimu wa chuo naye ni mvuvi, na siku za bamvua anawasomesha usiku.

Alizungumza kama nusu saa. Mwenye utafiti alikuwa anaangalia saa, kaya kadhaa zilikuwa bado. Nikatia alama kwenye "kidogo". Nasema kweli, hakuna aliyenilazimisha. Kisanduku cha kukosekana kwa mwalimu hakikuwepo, cha bamvua hakikuwepo, na "sana" niliona haiendani na mtoto ambaye hayupo darasani. Miezi michache baadaye nilitumiwa sura ya nne niipitie. Bibi yule yumo, ila amegeuka kuwa sehemu ya asilimia. Chini ya jedwali ndipo nilipokutana na mwamko mdogo.

Sasa tazama kilichopotea. Maelezo ya bibi yalikuwa na nadharia nzima ya utoro: kwamba mahudhurio ya mtoto yanafuata mwezi, na kwamba taasisi moja imepanga ratiba yake kwa kuijua bahari wakati nyingine haijui. Hilo jambo lingeweza kupimwa. Ungechukua daftari la mahudhurio na kalenda ya maji ukaviweka pamoja. Hatukufanya hivyo, kwa sababu dodoso lilikuwa limeshaamua kwamba tatizo liko kwenye tabia ya mzazi.

Mhusika bapa

Tunafundishwa kwamba mhusika bapa ni yule anayebeba sifa moja tangu mwanzo hadi mwisho, habadiliki na wala hashangazi. Mzazi wa Pwani katika tasnifu nyingi za aina hii ni mhusika bapa kabisa. Anapenda ngoma. Anamtoa mtoto shule ili achezwe unyago. Anamwoza binti mapema. Mwanamume akionekana, yuko barazani anacheza bao.

Ploti yake nayo ni ya mviringo. Katika sura ya kwanza, yaani usuli wa tatizo, tunaambiwa yupo. Sura ya pili inaleta waandishi waliotangulia, nao wanasema yupo. Sura ya tatu inatengeneza dodoso lenye visanduku vya kumkamata. Sura ya nne inamkamata. Sura ya tano inapendekeza aelimishwe kuhusu umuhimu wa elimu. Ndugu msomaji, riwaya yenye ploti kama hiyo ikiletwa semina tutaichana.

Hapa ndipo ilipo maana ya upendeleo katika utafiti. Watu wakisikia neno hilo wanafikiri mtafiti amedanganya au amekula rushwa. Sivyo. Rafiki yangu yule ni mtu mwaminifu. Namba zake hakuzipika. Upendeleo uliingia mapema zaidi, kwenye orodha ya majibu yanayoruhusiwa, na ukaingia mara ya pili kwenye kalamu yangu mimi mtoto wa hapo hapo. Kuzaliwa Pwani hakukunikinga.

Mhusika huyu ana pacha wake kinyume, naye ni mzazi wa Kilimanjaro "anayependa shule". Huyo naye ni bapa, ingawa anasifiwa. Tukisema Mchaga anapenda shule kwa tabia, tunafuta shule za misheni zilizosambaa mlimani, tunafuta kahawa, tunafuta chama cha ushirika cha KNCU kilichoundwa mwaka 1933. Historia ya taasisi inageuzwa kuwa hulka ya kabila. Sifa na lawama zinatoka chungu kimoja.

Msimulizi aliyejificha

Tuje kwenye nafsi. Katika ripoti na hotuba za Kiswahili kuhusu elimu tunakutana na vitenzi hivi: iligundulika, ilibainika, imeonekana, imedhihirika. Walimu wetu wa isimu wametufundisha tofauti ya kauli ya kutendwa na ya kutendeka. Nikisema "iligunduliwa", naweza kuongeza "na fulani". Nikisema "iligundulika", sarufi yenyewe inakataa kumpokea mtenda. Huwezi kusema "iligundulika na mimi". Jambo limejigundua lenyewe, kama jiwe lililokuwa linangoja mtu apite.

Lakini tunajua halikujigundua. Iligunduliwa na mwanafunzi aliyechoka, na msaidizi aliyekuwa anawaza posho, saa saba mchana, juani. Kauli ya kutendeka imetufuta sote wawili, na kwa kutufuta imetupa mamlaka ambayo hatukustahili. Tunamlaumu msimulizi maizi katika riwaya kwa kujua hadi ndoto za wahusika wake. Huyu wa tasnifu anajua hadi thamani iliyo moyoni mwa bibi, na anaitoa kwa asilimia yenye desimali.

Sitiari ya usingizi

"Mwamko" umetokana na kuamka. Anayeambiwa ana mwamko mdogo anaambiwa amelala, au amefumbua jicho moja. Sitiari hii imetumika mpaka imekufa, hatuisikii tena kama sitiari, na sitiari iliyokufa ndiyo yenye hatari kuliko zote. Basi tuifufue tuihoji: Bagamoyo ililala lini?

Wamisionari Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868. Kabla yao watoto walikuwa wanasoma chuoni, na watu wazima walikuwa wanaandikiana barua kwa Kiswahili cha hati za Kiarabu. Mwanzoni mwa karne ya 20 mji huu ulikuwa na Shehe Yahya bin Abdallah, maarufu Shehe Ramiya, aliyeletwa pwani kama mtumwa kutoka Manyema, akasoma, akawa mwanachuoni na kiongozi mkubwa wa tarika ya Kadiria hadi kufa kwake mwaka 1931. Habari zake zinapatikana katika kazi ya August Nimtz, Mmarekani aliyefanya utafiti wa uzamivu kuhusu tarika na siasa, ambao ulizaa kitabu mwaka 1980. Mtumwa kuwa shehe wa mji kwa njia ya kusoma: ikiwa huo ni usingizi, basi tuoneshwe kukesha kukoje.

Tatizo lililokuwepo lilihusu taasisi. Wakati wa ukoloni sehemu kubwa ya shule zilikuwa mikononi mwa misheni, na mzazi Mwislamu alikuwa na sababu ya kuogopa kwamba mtoto atatoka na jina lingine. Serikali ilizitaifisha shule nyingi za misheni kufuatia Sheria ya Elimu ya mwaka 1969. Kwa hiyo pengo la kihistoria lipo, hatulikatai. Ila kumwita mtu aliyekataa mlango fulani kuwa amelala ni kuchagua neno baya kwa makusudi, au kwa mazoea, ambayo ni mabaya zaidi kwa sababu hayajijui.

Mtu wa Dunda na kitabu chenye jina la mwingine

Yupo mtu wa Bagamoyo ambaye kila anayeandika juu ya elimu ya Pwani angepaswa kuanza naye. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda, alisoma na kufundisha chuoni, kisha mwaka 1900 akaenda Berlin kufundisha Kiswahili. Mwaka 1903 kilichapishwa Ujerumani kitabu cha Desturi za Wasuaheli. Sehemu kubwa ya maandishi hayo ni yake, lakini kitabu kilitoka kwa jina la Carl Velten. Ilibidi tungoje tafsiri ya Kiingereza ya J.W.T. Allen, mwaka 1981, ndipo jina la Mtoro likapanda kwenye anwani ya kitabu.

Kwa mtazamo wetu, Desturi ni utafiti wa jamii kabla hatujawa na idara ya kuufanya. Chuo, jando, unyago, ndoa na ngoma vinaelezwa mfululizo, na ngoma haikuwekwa upande mmoja na elimu upande wa pili kama maadui. Msimulizi anajua kwa nini jambo linafanywa, nani analipwa, na nani anaona haya. Hajishangai.

Tusimpambe kupita kiasi, hata hivyo. Mtoro aliandika kwa kuombwa na msomi wa dola iliyokuwa inatutawala, na wasomaji wake wa kwanza walikuwa ni watu waliotaka kujifunza lugha ya wale watakaowatawala. Naye mwenyewe hakupona. Alioa Mjerumani, akapoteza kazi yake, na mwaka 1905 alipotaka kurudi nyumbani na mkewe serikali ya koloni iliwazuia. Alifia Berlin mwaka 1927. Mwenyeji akishika kalamu bado kuna mwenye karatasi, na hilo ni swali ambalo mimi na dodoso langu hatujalimaliza.

Waliojaribu njia nyingine

Si kweli kwamba watafiti wote ni wa kuchungulia na kuondoka. Marja-Liisa Swantz, Mfini, aliishi Bunju katika miaka ya 1960, akaandika tasnifu ya uzamivu iliyotoka mwaka 1970 juu ya miviga na alama katika jamii ya Wazaramo. Unyago, ambao kwenye dodoso letu ulikuwa ni "sababu ya utoro" tu, kwake umesomwa kama mfumo wa maana: mti wa mkole, mwali, sanamu ya mwana hiti. Sisi wa fasihi simulizi tunaitambua kazi hiyo mara moja kwa sababu ndiyo kazi yetu.

Baadaye, kati ya mwaka 1975 na 1979, ukaja mradi wa Jipemoyo, ushirikiano wa Tanzania na Finland katika Bagamoyo ya magharibi, ukiwemo upande wa Msoga ambao sasa uko Halmashauri ya Chalinze. Walijaribu kuwafanya wanakijiji watafiti wenza wa mambo yao. Jina lenyewe ni hoja: mji ambao watu husema maana yake ni kubwaga moyo ukajibiwa kwa kujipa moyo. Upungufu wake, kwa maoni yetu, ni kwamba vitabu vyake vikuu vilitoka kwa Kiingereza na kuchapwa Ulaya. Aliyejipa moyo hakupewa nakala anayoweza kuisoma.

Hatua ya mbele zaidi ilitoka kwenye sanaa. Penina Mlama na wenzake wa Chuo Kikuu walifanya warsha za sanaa kwa maendeleo Bagamoyo mwaka 1983 na Msoga mwaka 1985. Mwaka 1996 Mlama na Amandina Lihamba wakaanzisha Tuseme, ambapo wasichana wa sekondari wenyewe wanachunguza matatizo yanayowazuia kusoma, wanayachambua, wanayaigiza mbele ya walimu na wazazi, kisha mjadala unafuata. Linganisha "tuseme" na "iligundulika". Kitenzi cha kwanza kina nafsi, tena ya wingi. Na katika mjadala wa namna hiyo mtu anaweza kusimama akakwambia umekosea. Jedwali huwezi kulibishia ukiwa umekaa jamvini.

Pingamizi

Najua mhadhiri mmoja atasema: bibi mmoja si sampuli. Ni kweli, si sampuli. Bila kuhesabu hatutajua kama bamvua inawatoa watoto watano au mia tano, na bibi peke yake hawezi kutuambia. Hatupingi namba. Tunachosema ni kwamba bibi angetangulia kusikilizwa, dodoso lingefuata, ndipo tungehesabu kitu kilichopo.

Wengine watasema tunapamba mila. Ndoa za mapema zipo, mimba zipo, unyago unaogongana na mihula upo. Sawa. Lakini hata hapo tuangalie mtenda wa sentensi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimruhusu msichana wa miaka 15 aolewe kwa idhini ya mzazi. Mahakama Kuu iliamua mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono mwaka 2019. Mpaka Novemba 2021, msichana aliyepata mimba alifukuzwa na hakuruhusiwa kurudi katika mfumo rasmi wa shule. Kwenye takwimu aliandikwa kuwa "ameacha shule kwa mimba". Ameacha? Aliyefungiwa mlango hajaacha. Kitenzi kimoja kimehamisha kosa kutoka kwa taasisi kikampa mtoto.

Na sisi wa fasihi tusijitoe. Ni tamthilia ngapi za mashindano ya shule tumeziona zenye baba mlevi anayepokea mahari na binti anayelilia daftari? Baba huyo ni ndugu wa yule mzazi wa kwenye tasnifu. Tumewapa watafiti mhusika, nao wametuletea takwimu zake.

Hitimisho

Makala hii imejaribu kuonesha kwamba tasnifu ya elimu ina msimulizi, wahusika, ploti na sitiari, na kwamba vitu hivyo vina athari nje ya maktaba. Ripoti ikisema tatizo ni mwamko, dawa yake inakuwa semina ya kuwaamsha wazazi. Ikisema tatizo ni ratiba na walimu, dawa inakuwa ghali zaidi na kuna mtu ofisini atakayepaswa kujibu. Ndiyo maana sitiari ya usingizi haichoshi watu.

Tunapendekeza mambo matatu tu. Mtafiti aandike nani aligundua, lini na akiwa na haraka kiasi gani. Maswali ya wazi yatangulie visanduku. Na kila tasnifu iache kurasa mbili za Kiswahili kwenye ofisi ya kijiji, zisomwe barazani, wenyeji wazikosoe kabla ya jalada. Kwa wenzangu wa fasihi: semina ijayo mmoja wetu alete tasnifu tuihakiki kama matini.

Nilimwandikia mwenye utafiti nikamweleza juu ya ile alama. Alinijibu kwa upole kwamba kazi imeshajalidiwa, na jibu moja halibadilishi asilimia. Kwa hesabu yuko sahihi. Nikaenda kwa bibi nikamwambia nilimwandika vibaya. Hakukasirika. Aliniuliza kama yule mwalimu wa hisabati ameshaletwa, nikamwambia sijui. Akaendelea kufunga mwani wake, maana bamvua ilikuwa kesho.